Pumzi Yangu, Jina Lako

Wewe, uko wapi?! Nimejifungia kwenye choo cha ukumbini, kinyago cha wavu cha mchezo wa vitara bado kichwani, na kocha kasimama mlangoni!

Lile jaribio la pumzi nimekufanyia kwa jina lako, uso nimeuficha ndani ya kinyago. Mbele, nyuma, choma shabaha kwa kitara, na kila mlio wa kengele unawahi kuliko uliopita. Nilipanga kuishia hatua ya nane, ubaki mchezaji wa akiba. Lakini kaka, miguu ilinoga, nikafika ya kumi na mbili!

YA KUMI NA MBILI! Wiki jana kwa jina langu, nikichekesha watu, nilikomea ya tisa.

Kocha akanishika bega: "Kumbe unajificha! Nafasi ya mwisho kwenye timu ni yako. Yule rafiki yako mcheshi namtoa."

Mcheshi ni mimi. Nimejitoa kwa miguu yangu mwenyewe!

Nikivua kinyago, tunafukuzwa wote wawili. Nisipovua, unasafiri na timu kwa nafasi yangu, wewe unayetweta ukipanda ngazi.

Anagonga tena: "Toka, kijana, nikupime mapigo ya moyo!"

Njoo upitie dirisha la nyuma, nikuvishe kinyago utoke wewe. Kimbia njia nzima, ufike unahema na jasho linakutoka. Hilo angalau unaliweza.