Kadari na Suruali ya Papa

Élisabethville, Jumamosi, siku ya posho. Mvua inapiga bati tangu asubuhi, nami nina furaha mpaka najishangaa.

Jumatatu nilikuwa nalia. Watu wa Kalala, mchumba wangu, wanarudi Kasai kwa treni, maana hapa Wakasai hawana amani tena. Kalala alisema atabaki kama Papa, baba yangu, atakubali tuoane. Papa yangu, mwalimu wa dini, Muluba wa kaskazini ya Katanga, akajibu bila kuinua macho: "Mungu alishapanga. Kama iko yako, utamupata tu."

Lo! Jibu gani hilo? Nilimnunia siku tatu. Nakiri, hata mboga nilimpa bila chumvi.

Kumbe naye alikuwa anahangaika. Padri alimwomba awaeleze wanaojiandaa kwa ubatizo jinsi Mungu anavyopanga mbele. Katika daftari lake niliona: kuandikiwa, majaliwa, kadari. Chini yake neno la Kilatini, ambalo asili yake, aliandika, ni kukaza kitu mahali pake.

Amekaza, basi! Nilitaka kulichana lile daftari.

Alhamisi Mzee Saidi, Mwislamu anayefanya biashara Kasomeno, alikuja kuchukua kanzu aliyonipa niishone. Nikamwuliza kadari ni nini. Akasema ni neno la Kiarabu, na ndani yake mna kupima. Mungu anampimia kila mtu.

Kupima! Hiyo si kazi yangu?

Leo Papa ameniletea suruali yake ya misa, haifungiki tena kwa tumbo. Nikaigeuza, nikamwonyesha kitambaa nilichokikunja ndani ya mshono mwaka jana.

"Papa, nilikupima muzuri. Lakini niliacha nafasi, sababu najua muntu anabadilika. Sasa Mungu, yeye njo atakosa kuacha nafasi?"

Akaupapasa ule mshono kwa kidole. Nilidhani nimetukana dini. Halafu akacheka mpaka miwani ikaanguka, na alipoiokota hakucheka tena.

"Niliogopa bantu, mwana wangu, watasema nimekuoza kwa Mukasai," alisema. "Njo maana nikasema ni Mungu."

Nikafumua mshono, nikaushona upya; akavua viatu, akajaribu suruali. Imemkaa.

"Ambia Kalala alete bantu yake kesho, misa ikiisha."

Nimeshakata kitambaa cheupe cha gauni langu. Ndege za askari bado zinasikika upande wa uwanja wa Luano, na sijui miaka ya mbele itatufanya nini. Nimeacha nafasi ya vidole viwili kila upande.