Mkia wa Neno

Jumapili, 6 Julai

Shule zimefungwa na nyumba imejaa. Binti yangu na mumewe wamepata likizo pamoja, jambo la nadra kama jino la kuku. Mjukuu wangu amekwisha kuteka rimoti. Ndilo jina tulilompa, Rimoti, na analipenda. Kila siku baada ya chakula cha mchana mapazia yanashushwa, feni inawashwa, sinema inaanza. Mimi naketishwa kwenye kiti changu, mto mgongoni, miguu juu ya stuli kwa sababu imevimba.

Daktari alisema moyo umechoka. "Mzee, huu umefanya kazi ya kutosha." Alisema hivyo akimtazama binti yangu, si mimi. Nilifundisha sarufi mpaka nikastaafu — namjua mtu anayeiruka sentensi.

Ninaogopa. Haya! Nimeliandika. Huko sebuleni siwezi kulisema. Huko mimi ni Babu aliyekwenda vitani.

Jumanne, 8 Julai

Leo kimenitokea kitu. 

Mkwe wangu ni fundi wa friji, mtu mwema, mpenzi mkubwa wa Kasuku. Kasuku ni yule mtafsiri wa sinema anayeshusha sauti za waigizaji na kusema yote mwenyewe: jenerali ni yeye, mke wa jenerali ni yeye, farasi ni yeye. Leo ilikuwa sinema ya zamani ya vita. Sikutaka. Sikusema kuwa sitaki.

Kuna askari kijana amelala kwenye matope, anakufa. Mwenzake amemwinamia. Na Kasuku, kwa sauti ya huzuni kabisa, akasema: "Mwambie mama asiniwekee chakula."

Wote watatu wakanigeukia.

"Babu! Si maneno ya Mrefu hayo?" Rimoti alisimamisha sinema.

"Kasuku kakuibia, Baba," mkwe akacheka. "Mshtaki! Mimi shahidi."

Nikacheka nao. Nikasema nitamdai friji mpya. Lakini ndani nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Kwa sababu ni kweli, ndiyo maneno ya Mrefu. Rafiki yangu, aliyekufa vitani tukiwa vijana. Maneno yake ya mwisho, niliyoyapeleka kwa mama yake, nikayasimulia harusini, misibani, darasani, kwa kinyozi. Mwambie mama asiniwekee chakula. Watu hulia nikiyasema. Mimi mwenyewe hulia.

Sasa Kasuku kayapata wapi?

Jumatano, 9 Julai

Rimoti amejifanya mpelelezi. Ametafuta sinema ile ile kwenye simu yake, isiyotafsiriwa. Amenitegea mbele ya pua.

"Tazama mdomo, Babu. Haufunguki hata kidogo! Anakufa kimya. Kasuku kaongeza chumvi tu."

Mdomo haufunguki. Kweli.

Mkwe akadakia kutoka jikoni kwamba hiyo sinema ya Kasuku ni ya siku nyingi. Waliitazama hapa hapa wakati Rimoti hajazaliwa. "Na wewe ulikuwepo, Baba. Ulikaa hapo hapo kitini. Ukatoka kabla haijaisha."

Sikumbuki. Naapa sikumbuki!

Jumamosi, 12 Julai

Siku tatu hizi nimejaribu kitu kimoja: kumkumbuka Mrefu akisema maneno yale. Nafumba macho. Nauona uso wake, matope, mkono wangu chini ya shingo yake. Halafu naona kwamba matope hayo ni ya sinema. Kwetu hapakuwa na matope. Kilikuwa kiangazi, shamba la mahindi makavu, vumbi hadi kooni.

Na mkono wangu haukuwa chini ya shingo yake. Sikuwa karibu naye.

Mungu wangu.

Binti kaniuliza mbona sili. Nimesema joto.

Jumatatu, 14 Julai

Leo hawakuwasha sinema, umeme ulikatika. Nimefurahi kama mtoto aliyekuta mwalimu hajaja.

Niandike ninachokijua, polepole, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi: anza na kiima.

Mimi na Mrefu tulikuwa watu wa simu. Kazi yetu kutandaza waya. Mimi natangulia na ncha ya waya mkononi, yeye nyuma yangu na gurudumu lililozungushiwa waya, analifungua kadiri ninavyokwenda. Hatuonani kwa sababu ya mahindi. Tunazungumza kwa waya: akivuta mara moja, nisimame; mara mbili, niende.

Ukaja mlio wa kombora. Nilianguka, nikainuka. Masikio yanapiga filimbi. Waya ukakaza mkononi mwangu, kisha ukalegea. Na sauti yake, kutoka nyuma. Neno moja.

Nikauachia waya. Nikakimbia.

Basi. Hayo ndiyo ninayoyajua. Hakuna mama humo. Hakuna chakula.

Jumatano, 16 Julai

Binti kaingia na habari njema, kwake. Amezungumza na dada yake Mrefu kwa simu. Dada huyo bado yu hai, bado anashona, japo sasa anatungiwa uzi na wengine. Anataka tuende. Wajukuu zake wako likizo kwake, na anataka wayasikie maneno ya Mrefu "kutoka kinywani mwa kaka mwenyewe," maana ndivyo anavyoniita, "kabla—" Binti akakatia hapo.

"Kabla ya nini?" nikamuuliza.

"Kabla ya shule kufunguliwa, Baba."

Muongo mzuri. Kanifuata mimi.

Rimoti anataka kunirekodi. Mkwe ameomba gari la kazini. Wote wamechangamka. Ningesemaje? Nilisema: "Tutaona afya." Afya! Kwa mara ya kwanza nimeuombea moyo huu ugome.

Jumatatu, 21 Julai

Haukugoma.

Ijumaa, 25 Julai

Nimelisikia lile neno.

Nilikuwa bafuni nanawa uso, Rimoti akawa anamwita rafiki yake barabarani. Alipaza sauti, gari likapita likipiga honi, na kilichonifikia mimi dirishani ni mkia tu wa neno: "...ningoje!"

Nilishika sinki kwa mikono miwili.

Hilo ndilo! Ndivyo alivyosema Mrefu. "...ningoje." Kichwa cha neno kilimezwa na mlio masikioni mwangu, mkia ukanifikia. Nimelijua siku zote. Nililifunika tu, kama sahani inavyofunikwa ili nzi wasiingie.

Lakini ni mkia wa neno lipi? Alisema "Ningoje"? Au alisema "Usiningoje"?

Miaka yote nimesimama ubaoni na chaki: watoto, kikanushi ni kidogo, hakijazi hata kiganja, lakini ukikidondosha umegeuza dunia. Walinakili, hawakunielewa. Mimi mwenyewe sikujielewa.

Ikiwa alisema usiningoje, basi aliniokoa, nami nilimtii. Ikiwa alisema ningoje —

Siwezi leo.

Jumamosi, 2 Agosti

Safarini. Gari la kazi la mkwe linanuka gesi na mafuta ya mashine. Nyuma kuna mlango wa friji aliosahau kuushusha, na kila penye shimo unagonga — gwa! Kila ukigonga nami naruka. Mkwe kaomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Tuliposimama kujaza mafuta, akaufunga kwa kamba, akaubembeleza: "Tulia, wewe, unamtisha mzee."

Rimoti kakaa nami nyuma, ameweka sinema kwenye simu, ameniwekea kisikizio kimoja sikioni. Ya mapenzi. "Hii haina risasi, Babu, nimekagua." Kwa hiyo amejua. Watoto hawa! Nilidhani natazama sinema, kumbe mwenzangu ananitazama mimi.

Nikamuuliza, kama mzaha: ukiambiwa babu yako si shujaa, utafanyaje?

Akafikiri. "Nitaendelea kukukata kucha za miguu. Nani mwingine atakubali?"

Nilitaka kumwambia yote pale pale. Nikamuuliza sinema imefika wapi. Tumelala nyumba ya wageni, chumba cha chini kwa ajili yangu. Pumzi fupi leo. Nimelala nimeketi.

Nimwulize dada nini? Yeye peke yake anajua nilisema nini siku ya kwanza nilipofika kwao. Kama nilisema habari ya chakula siku ile, kabla ya Kasuku na sinema zake zote, basi huenda Mrefu aliisema kweli na akili yangu ndiyo inayoharibika. Ajabu — naomba iwe ni akili yangu. Bora kichaa kuliko hili.

Jumapili, 3 Agosti

Tumefika saa za mchana. Dada amekuwa mdogo kama msichana, cherehani ni kubwa kuliko yeye. Alinishika uso kwa viganja, maana macho yake ni ya kupapasa.

"Kaka umezeeka vibaya," akasema.

"Na wewe huoni, umejuaje?"

"Nimesikia magoti yanavyolia!"

Tulicheka mpaka nikakohoa. Wajukuu zake watatu wakapanga viti. Rimoti akatoa simu. Nikaona lile jicho jeusi la kamera linanielekea, na nikasema maji, nipeni maji, halafu nikasema nimechoka, kesho. Binti akanikunjia uso. Dada akawaagiza watoto wote waende kuwaonesha wageni bustani.

Tukabaki wawili. Hapo ndipo nilipomuuliza.

"Dada. Siku ile nilipokuja. Niliwaambia nini?"

Alisugua ukingo wa cherehani kwa kidole gumba.

"Hukusema kitu," akasema. "Ulisimama mlangoni na mkoba wa kaka. Mama alikuwa anapakua. Alikutazama, akautazama mkoba. Akauliza: 'Kwa hiyo nisimwekee chakula?' Wewe ukatikisa kichwa. Akairudisha ile sahani kabatini. Ndiyo hayo tu."

Ni maneno ya mama yake. Siyo ya Kasuku, ambaye labda aliyaokota kwa kinyozi fulani, siyo yangu. Siyo ya Mrefu. Nilimnyang'anya mama aliyefiwa neno lake, nikalitia kinywani mwa mwanawe.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Nilivyokuwa nasimulia?"

"Mara ya kwanza niliyokusikia ilikuwa kwenye harusi yangu. Mama alikuwepo pia. Aliniambia: mwache. Kijana kakosa pa kushika, kashika hapo."

Nililia. Akaniacha nilie, ananipapasa goti kama anayekagua pindo la nguo. Kisha akauliza, polepole, bila ubaya wowote — na hicho ndicho kilichonitisha:

"Sasa kaka yangu yeye alisema nini?"

Wakati huo huo watoto wakarudi na makelele yao. Nikashukuru. Aibu iliyoje, nilishukuru!

Jumatatu, 4 Agosti

Niko chumba cha nyuma, kitanda cha mjukuu wake. Jua limeshapanda. Nilijifanya nimelala wakati wa chai. Moyo unakwenda kama ile cherehani, unakimbia, unakwama.

Nimejaribu majibu kitandani. Naweza kumwambia Mrefu hakusema kitu. Itakuwa heshima. Naweza kumwambia alisema "Usiningoje." Itakuwa zawadi, kwake na kwangu, na nani atabisha? Mahindi yale? Nimeona jinsi inavyofanyika: unalisema mara moja, unalirudia, watu wanalia, na baada ya muda unauona uso wake akilitamka. Ningeweza kufa nalo. Ningekufa vizuri.

Au nimpe mkia peke yake, kama nilivyoupokea. Nimwambie: dada, sijui. Nilisikia nusu ya neno, nikakimbia kabla ya kuuliza nusu nyingine. Waya ulikaza, nikauachia. Alivuta mara moja au mara mbili, sikuhesabu. Chagua wewe.

Lakini hilo nalo si ni kumtwisha mzigo kipofu?

Naogopa kufa kabla sijamwambia. Naogopa zaidi kumwambia nikaishi.

Nasikia vijiko. Wamekaa mezani. Binti yangu anamwambia Rimoti aje kunitazama. Hizo hapo ndara zake.

Kagonga. Anasema dada amepakua, ameifunika sahani yangu, na hataki mtu aguse chakula bila mimi. "Anauliza akungoje, Babu?"

Nimemjibu. Niliandaa sauti, nikajibu, na kikohozi kikanishika katikati ya neno.

Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, hakiondoki.

"Babu? Sijakusikia mwanzo. Nimwambie akungoje, au asikungoje?"