Utaiacha Ikiwaka

Kisumu,
4 Machi 1996

Shemeji yangu Wakoli,

Pokea salamu kutoka kwa watu wa samaki. Huku joto limezidi na mvua inatuchungulia tu, lakini afya ipo. Dada yangu Perez hajambo? Na mtoto, meno yametoka ama bado anawanyima usingizi? Mama huko Usenge ni mzima, analalamikia mgongo tu. Anasema mwaka jana ulikuja kwake mikono mitupu. Nikakutetea, nikamwambia ulikuja na njaa yako, na huo nao ni mzigo.

Sasa nisikufiche. Nimekwama.

Unakumbuka kompyuta ya hapa dukani, ile ya marehemu Bwana Balwant? Ndani yake mna wateja wetu wote wa nyavu na nyuzi, kutoka Usenge hadi Mbita. Wiki jana mpwa wa mjane wake, Mama Kamla, anaitwa Gurcharan, alitoka Nakuru na boksi la diski, akasema Windows yetu imezeeka, mjini sasa ni Windows 95. Akashinda hapa siku nzima akiingiza diski na kutoa. Jioni ikaonyesha mawingu mazuri ya bluu. Mama Kamla akafurahi kama aliyepata mjukuu. Tukaifuta vumbi, tukaipamba, tukanywa chai, na Gurcharan akaenda zake. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Asubuhi yake niliiwasha, mawingu yakaja, kisha skrini ikajaa mistari ya kupinda, halafu giza. Mashine inanguruma, taa yake ndogo inawaka, lakini huoni kitu. Na nani aliigusa mwisho? Mimi.

Ile nafasi ya kazi uliyonitafutia huko Nairobi naitaka, Shemeji. Naitaka sana. Nimekaa miaka sita nikitazama ukuta mmoja. Lakini wanataka vyeti halisi, na vyeti vyangu viko ndani ya sefu ya Mama Kamla tangu siku aliponiandika kazi. Nilipomwomba alinitazama kwa upole, akasema, "Uliikuta ikiwaka, utaiacha ikiwaka." Fundi wa hapa mjini alitaka kuipeleka Nairobi, Mama akakataa, akasema kilichotoka mlango huu hakijawahi kurudi.

Ningekupigia simu, lakini simu yetu ina kufuli kwenye namba, na ufunguo Mama Kamla hulala nao nyumbani kwake Milimani. Niandikie upesi.

Shemeji yako,
Beldina


Nairobi,
9 Machi 1996

Shemeji Beldina,

Barua yako imefika na tumeisoma mbele ya ugali. Dada yako anakusalimu, mtoto ana meno mawili na ameshaniuma. Mwambie mama kwamba safari ijayo nitakuja na jogoo, na jogoo huyo nitamla mwenyewe.

Usiogope, hukuharibu kitu. Huyo Gurcharan ameweka mfumo mpya ambao haujui skrini yenu ni ya aina gani. Unaipelekea picha kubwa kuliko nguvu zake, nayo inashindwa. Ni kama kumwambia mzee akimbie na vijana. Kwa hiyo tunampunguzia mwendo.

Iwashe. Itakuja giza lenye maandishi meupe. Ukiona imeandika Starting Windows 95, bonyeza haraka kitufe cha F8. Ukichelewa, zima uanze tena. Itakupa orodha, chagua Safe Mode. Sasa picha itakuja, maandishi makubwa makubwa na rangi mbaya, usijali. Ingia Control Panel, halafu Display, halafu Settings. Chagua 640 kwa 480 na rangi kumi na sita. Hapo hapo kuna mahali pa kubadilisha aina ya skrini. Chagua ile ya kawaida kabisa, ya VGA. Kubali, kisha izime na kuiwasha upya.

Nijibu jambo moja pia: kuna kitu chochote juu ya skrini au kando yake? Spika, redio, feni?

Ofisi inakungoja Jumatatu tarehe moja Aprili, asubuhi, na vyeti mkononi. Perez ameshakutandikia kitanda.

Shemeji yako,
Wakoli


Kisumu,
15 Machi 1996

Shemeji daktari,

Natumai mko salama. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui.

Ilikubali! Mara ya kwanza nilichelewa F8, mara ya pili nikabonyeza F7, mara ya tatu orodha ikaja. Nilifuata maneno yako neno kwa neno, barua nimeiegemeza kwenye kikombe. Picha ikarudi, majina yote yakarudi. Mama Kamla alilia. Alinishika mashavu mbele ya wateja, akaagiza sambusa kwa wafanyakazi wote.

Nikaona hapo ndipo pa kuomba vyeti. Nikaomba. Akanijibu kwamba sasa mimi ndiye fundi wake, na fundi akiondoka nani ataiamsha? Yaani Shemeji, nimesokota kamba nikajifunga mwenyewe. Kama ningeshindwa, labda angenifukuza nikawa huru.

Tena hata haijapona. Inakaa vizuri kama saa moja, kisha picha inaanza kutetemeka, inajikunja kutoka kando, halafu giza. Tukiizima na kula chakula cha mchana, tukirudi inawaka bila shida, halafu tena vile vile. Nimerudia F8 yako hadi kitufe kimeanza kung'aa. Mama Kamla sasa anataka nikae mbele yake wakati wote. Chakula kinaletwa na dereva kutoka Milimani ili nisitoke. Askari wa mlangoni, Opiyo, ambaye zamani alikuwa akinipungia mkono tu, sasa ananiuliza naenda wapi na narudi saa ngapi. Anauliza kwa aibu, lakini anauliza.

Uliniuliza kama kuna kitu juu ya skrini. Hakuna kitu.

Ni mimi,
Shemeji yako aliyekwama


Nairobi,
20 Machi 1996

Shemeji,

Tunashukuru Mungu tunaamka. Dada yako amekasirika, si na wewe. Anasema nikuletee msumeno wa kukata sefu.

Ugonjwa wa kwanza umepona, huu ni wa pili. Mfumo hauwezi kukaa sawa saa nzima halafu ukachoka. Nimeuliza hata wenzangu kazini. Nimekuwekea ndani ya bahasha diski yenye programu ya kadi ya picha, ile inayolisha skrini, ijaribu, ingawa sina imani sana.

Nifanyie hivi. Nieleze hiyo meza yote, kama unavyomweleza mtu aliyepotea njia. Kila kilichopo, hata kama unaona hakina maana. Na uandike siku hiyo hiyo, uitume kwa basi badala ya posta. Kuna msichana mwingine, Jentrix, ambaye pia ameomba hiyo kazi, na vyeti vyake viko mkobani.

Shemeji yako,
Wakoli


Kisumu,
25 Machi 1996

Shemeji Wakoli,

Salamu kwenu nyote. Nisamehe, leo sina utani.

Diski nimeijaribu, hali ni ile ile. Nitakueleza meza, kwa sababu ndiyo kitu pekee ninachokiona.

Meza ni ya mbao, imeegemea ukuta wa duka. Kushoto kuna simu na kufuli lake. Kulia kuna picha ya Bwana Balwant ndani ya fremu, na maua ya plastiki. Katikati ni kompyuta. Boksi lenyewe limelala chini, skrini imekaa juu yake. Juu ya skrini ni kitambaa tu, cha kawaida, kile mama alichokifuma Usenge kwa nyuzi za nyavu zilizobaki. Siku Gurcharan alipomaliza, Mama Kamla alikipenda, akasema mashine mpya haiwezi kukaa uchi, nami nikakishonea nailoni kwa chini ili vumbi lisiingie kwenye yale matundu. Kinafika hadi nyuma, kimekaa vizuri. Mbele kuna kibodi, kikombe changu, na mimi.

Ndiyo hiyo meza. Jana nilijikuta nikibonyeza F8 kwenye mkate.

Nikwambie neno la Mama Kamla, usije ukamchukia, maana mimi mwenyewe nimejaribu nikashindwa. Wanawe wawili walitoka kwenda Leicester, Uingereza, kutembea, wakati baba yao yuko hai. Walisema wanatoka mara moja. Hata mazishini alikuja mmoja tu, akaondoka na sanduku lake. Tangu hapo Mama hafungui kitu kwa urahisi. Sefu, simu, lango, mimi. Ananiita binti yangu, na akiniita hivyo nahisi mlango mwingine umefungwa.

Wiki hii ikiisha nami bado niko hapa, Shemeji, nitakuwa hapa mpaka nizeeke.

Beldina, shemeji yako


Nairobi,
27 Machi 1996

Shemeji, Shemeji, Shemeji,

Salamu baadaye, basi linaondoka. Kitambaa! Nilikuuliza kuna nini juu ya skrini, ukaniambia hakuna kitu!

Yale matundu ndiyo pua yake. Ndani ya skrini mna joto kali, na joto hilo hutokea juu. Nyinyi mmeiziba kwa nyuzi za nyavu na tena nailoni, katika joto la Kisumu. Lazima itetemeke, lazima izime. Ikipoa wakati wa chakula inaamka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimecheka mpaka Perez akaja mbio. Halafu nikatazama sebule yangu, kitambaa juu ya televisheni, kitambaa juu ya redio, na juu ya redio hiyo paka. Nimetoa vyote, na sasa dada yako haongei nami.

Kitoe, uiache bila kufunikwa, ukae nayo siku nzima uone. Kisha mfundishe Mama mwenyewe F8. Mshike kidole kama mtoto. Akijua kuiamsha, hatakuwa na sababu ya kukushika. Basi la Jumapili jioni litakufikisha hapa alfajiri, na nitakuwa stendi.

Shemeji yako,
Wakoli


Kisumu,
31 Machi 1996, Jumapili

Shemeji yangu Wakoli na dada yangu Perez,

Nawasalimu nikiwa dukani peke yangu. Mtoto mnibusie.

Ijumaa nilitoa kitambaa. Skrini ilikaa siku nzima bila kupepesa jicho. Jumamosi pia. Ningeweza kunyamaza na kujifanya mganga, lakini nilimwambia Mama Kamla ukweli, kwamba si Windows, si Gurcharan, ni mimi na mama yangu na sindano yetu. Nilitegemea acheke au anigombeze. Alikichukua kile kitambaa, akaibandua nailoni taratibu, akakikunja mara nne na kukiweka chini ya picha ya mumewe.

Kisha nikamfundisha F8. Aliipata mara ya pili. Amenishinda!

Baadaye alifungua kufuli la simu na kupiga Leicester. Sikuelewa maneno, ni Kipunjabi, lakini kilio hakina kabila. Alipomaliza akatoa funguo zake zote kwenye pindo la dupatta, ule mtandio wake, na kuziweka juu ya kibodi, mbele yangu. Alisema mwanawe amekuwa akitaka kumkatia tiketi miaka yote na yeye amekuwa akikataa, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia duka. Anataka kuondoka Jumanne, akaone wajukuu wake, arudi mvua zikiisha.

Nikamkumbusha Nairobi. Nikamkumbusha vyeti. Akasema, "Viko ndani, na ufunguo ni huo. Ukitaka kwenda, chukua uende, mimi sitauliza. Nitabaki tu. Nimezoea."

Sijui kama huo ni ujanja au ni imani. Nimekaa hapa tangu kutoka kanisani nikilitafuta jibu. Nimefungua sefu, nimetoa vyeti, viko hapa kando ya kikombe. Opiyo ameketi langoni na leo hajaniuliza naenda wapi. Basi linaondoka jioni hii hii, na hata mkoba nimeufunga.

Nina hasira, Perez. Nilijiandaa kumkimbia mtu aliyenifungia. Sikujiandaa kumkimbia mtu aliyenipa funguo. Kama angeniwekea kufuli moja zaidi, saa hii ningekuwa stendi.

Shemeji, nenda kesho mapema uwaambie wamchukue Jentrix. Barua hii nitampa kondakta, akukabidhi hapo stendi utakapokuja kunipokea bure. Kitanda msikitandue, tafadhali, hata kama ni kwa kunidanganya tu.

Mtajiuliza kwa nini sikupiga simu, na ufunguo wake sasa uko mkononi mwangu. Nilifungua kufuli. Nilizungusha namba ya jirani yenu hadi ya mwisho, ikaita, mtu akashika akasema halo, halo, nani? Nikaiweka chini na kuchukua karatasi.

Skrini bado inawaka.

Wenu,
Beldina