Bariyeri Ndani ya Jino

Dada Asteria, shikamoo.

Kigali mvua haikatiki. Leo nimeng'olewa jino huku mtaani Biryogo, na bado nashangaa. Nilikishika kiti kwa mikono miwili mpaka daktari, Mzee Saidi, anayeijua kazi yangu ya ukarani, akacheka: "Karani, uko naogopa sindano kuliko bariyeri ya askari?" Nikamjibu kwamba sindano na vizuizi vya barabarani, vyote naviogopa.

Tulipokuwa tunangoja dawa ya ganzi ishike, alikunja vidole vinne kuzunguka tundu dogo. Alisema ukuta wa neva una vijia vya protini vya namna hiyo. Umeme wa neva ukibadilika, vidole huachana, chumvi huingia kwa kasi, kisha kidole gumba huziba, yote haraka kuliko kupepesa jicho. Hivyo ndivyo maumivu yanavyosafiri, tundu kwa tundu, mpaka kichwani. Dawa huingia ndani ya neva na kuyaziba matundu hayo, chumvi isipite.

"Leo bariyeri iko upande wako," alisema. "Maumivu haina ruhusa ya kupita."

Dada, nilisikia jino liking'oka mfupani, krrr, wala sikuumia! Machozi yalinitoka kwa mshangao tu.

Lakini alinionya kwamba jino likishajaa usaha, ganzi hushika kwa shida. Nawe jino linakuuma, unalituliza kwa kutafuna karafuu tangu Pasaka! Nenda hospitali wiki hii, nakusihi. Ukiogopa, kunja vidole vyako vinne uvitazame, ukumbuke kwamba mwoga wa nyumba yetu alikaa kwenye kiti kile akainuka mzima.

Mdogo wako akupendaye, mwenye pengo,
Deo