Jina la harusi, tovuti ya majeneza

Fortu, ile kazi ya tovuti ya harusi ya mwanao uliyompa shemeji yangu Steven, simamisha. Simamisha sasa hivi.

Nipo dukani Kariakoo nimekaa tu. Wateja wanauliza vitenge, nawaelekeza duka la jirani.

Steven alitununulia jina la tovuti ya harusi ya binti yangu Candida. Jina letu kabisa. Kumbe ukurasa wenyewe kauweka kwenye folda ndani ya tovuti ya bosi wake, halafu jina letu akalielekeza humo. Bosi wake anauza majeneza, Fortu. Majeneza.

Mama mkwe wa Candida kafungua, kaona picha za watoto wetu, kafurahi. Akabonyeza "Mwanzo". Likamtokea jeneza jeupe, limeandikwa "Tunafikisha popote".

Kanipigia. "Mama Candida, mwanangu mnamwandalia nini?"

Nikacheka, nikajua utani. Akarudia. "Nakuuliza, mnamwandalia nini?"

Nampigia Steven, eti, "Shem, kwani jina halifunguki?"

Linafunguka, Fortu.

Mama mkwe kajitoa kwenye grupu la harusi. Hajaaga. Sendofu ya kumuaga Candida ni Jumamosi.

Candida yupo saluni anasukwa, hajui kitu. Nimempigia mara tatu. Akipokea, nakata.