Kiu ya Hooyo

Jumatatu, 3 Februari
Nimempa Hooyo kidonge chake laini cha njano, akakimeza kwa maziwa ya ngamia. Mama yangu hamezi kitu bila Bismillahi, wala bila kulalamika. Figo zake zimechoka, hazitengenezi tena vitamini D ipasavyo. Kidonge kinaileta ikiwa tayari. Leo ametembea hadi mlangoni bila kunishika. Nimefurahi sana.

Jumapili, 9 Februari
Habaryar, mdogo wa Hooyo, amekuja kutoka Habaswein na tembe za kalsiamu. "Mifupa ni mifupa," amesema. "Zitasaidiana." Tunampa zote. Wiki hii ilikuwa ya kupimwa damu. Hooyo amekataa. Anayetembea anapimwa nini?

Alhamisi, 13 Februari
Hooyo ni maji tu, kutwa. Joto la Garissa, nani hana kiu? Jirani yetu Habiba amemtania: "Ngamia akinywa hivi, ujue ana safari." Hooyo alicheka mpaka shali ikamdondoka.

Jumatatu, 17 Februari
Hali chakula. Choo hapati. Ameniita kwa jina la mama yake, marehemu. Habaryar anasema ni uzee. Naogopa. Kesho hospitali.

Jumanne, 18 Februari
Siamini. Daktari aliuliza kwanza kuhusu kiu. Kiu! Kalsiamu imezidi kwenye damu. Kidonge kiliivuta kutoka kwenye chakula, tembe na maziwa vikaongeza, figo zikashindwa kuitoa. Dawa ni nzuri, amesema, ila haitumiwi bila kupima damu. Wamemtundikia maji. Moyo wake unapiga ovyo. Habaryar amekaa sakafuni.

Jumatano, 19 Februari
Amefariki alfajiri. Tumemzika kabla ya adhuhuri. Basi.

Ijumaa, 21 Februari
Sote tuliiona kiu ile. Tukaicheka. Habiba amekuja analia: "Abaayo, dada yangu, ulimi wangu huu." Nilimshika mkono.
Tembe bado ziko dirishani. Sijui kwa nini siwezi kuzigusa.

Jumapili, 2 Machi
Mfungo wa kwanza wa Ramadhani. Alasiri koo lilikauka kabisa. Nikakumbuka Hooyo alivyokuwa akishika kikombe chake cha bati kwa mikono miwili, kama mtoto.
Magharibi Habaryar alinijazia kikombe hichohicho. Adhana ikaisha. Nilikishika kwa mikono miwili.
Nikanywa.