Eriali Niliyoirudisha Ndani

Baba,

Huku mtaani Ziwani tupo, na kibanda chako cha redio nakifungua kila asubuhi. Mama ameanza kula vizuri. Mimi ndiye sijielewi, na wa kuniambia ukweli ni wewe tu.

Unaikumbuka ile simu ya mkono aliyokuachia mteja wako aliyehamia ng'ambo. Ulivyoringa nayo, Baba. Ukifika sokoni Gikomba ulikuwa ukivuta eriali yake taratibu, yote, hata kama hakuna aliyepiga, mpaka wauza mitumba wakuone. Nikikucheka ulinijibu, "Eriali ni sikio. Ukiliziba, usimlaumu anayeita."

Ulipolazwa ukaniachia mimi. Tulipatana utanipigia kila siku saa kumi jioni, kutoka kwenye simu ya sarafu iliyo nje ya wodi. Na ulipiga, siku tatu mfululizo, kuuliza kama nimemaliza redio ya mchungaji.

Alhamisi nilikuwa Gikomba kutafuta spika. Watu walikuwa wamejaa, mikokoteni inapita, nikaogopa eriali itavunjika. Nikairudisha ndani, nikaitia simu kwenye mkoba. Saa kumi ikapita, kimya. Nilipofika hospitalini jioni nilikuta kitanda chako kimetandikwa upya.

Tangu siku hiyo nimejua kwamba ulipiga. Ulisimama pale na sarafu zako, ukaita, nami nilikuwa nimeziba sikio. Mama sijamwambia. Nimeililia hiyo eriali kuliko nilivyolia kaburini.

Sasa wiki jana Wanjiru, yule muuza nguo za watoto, alikuja kibandani na simu ndogo isiyo na eriali kabisa. Nikamwambia ameuziwa kopo. Akacheka, akasema, "Iko ndani, fundi. Siku hizi wanaificha." Akapiga Nyeri hapo hapo chini ya mabati yetu, hata nikamsikia dadake akikohoa.

Nikamwomba twende Gikomba, mahali pale pale niliposimama Alhamisi ile. Nikaisukuma eriali yako ndani, simu nikaitia kwenye mkoba. Akapiga, ikalia. Akapiga tena, ikalia tena. Nikaivuta eriali yote, akapiga, haikulia. Wanjiru akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa nimeketi juu ya mkokoteni wa watu nalia.

Fundi gani mimi, Baba, kitu kidogo hivi sikielewi. Labda siku ile mawimbi yalikuwa mabaya tu. Labda ulipiga. Lakini kama eriali haina hatia, basi huenda hukupiga. Huenda hukuweza hata kuinuka, ukabaki umelala ukiutazama mlango, na mimi niko sokoni nachagua spika. Nilidhani nikijua sina kosa nitapumua. Afadhali kosa. Nikiwa na kosa, angalau ulikuwa umeniita.

Sijui nishike lipi.

Pumzika, Baba. Redio ya mchungaji imepona. Shida ilikuwa waya mmoja tu, kama ulivyosema. Jumapili baada ya kanisa nitamweleza Mama yote. Na simu yako siiuzi, ingawa mnunuzi yupo. Kila siku saa kumi itakuwa mezani, imejaa chaji, eriali imevutwa mpaka mwisho. Kama inasaidia, sijui. Nitaivuta tu.

Binti yako, fundi wako,
Nekesa